Straika ana kipaji lakini hana breki: tubaki naye, tumkopeshe, tumuuze ama tuvunje mkataba?

Jumapili moja hapo Kongowea, ule uwanja sote twauita Uwanja wa Mbuzi, straika wetu alifunga mabao mawili kabla ya mapumziko, moja la kichwa na la pili aliwazunguka mabeki wawili kama hawapo, kisha dakika ya 70 na kitu mshika kibendera akainua ofsaidi na kijana akaenda mbio akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Kibendera kikaanguka kwenye chokaa ya laini. Akakikanyaga na njumu. Refa hakungoja, kadi nyekundu, na kijana akavua jezi akiwa bado ndani ya uwanja, akaitupa kwa vumbi, akapita nyuma ya goli akashika njia ya sokoni bila kumwangalia mtu. Jezi iliokotwa na mtoto wetu wa kubeba maji, ana miaka 12, akaikung'uta, akaikunja pole pole akaiweka juu ya begi la mipira kama vile yakunjwa kanzu ya Idi.

Usiku ule kamati ilikaa mpaka saa tano na tukagawanyika pande nne. Mmoja asema asamehewe, mwengine asema apelekwe timu nyengine kwa muda, mweka hazina asema kuna watu wa Nairobi wamemuulizia basi auzwe sasa hivi, na mzee wetu mmoja asema jina lake lifutwe kabla ya alfajiri. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hiyo ndo shida yenyewe. Najua si sisi peke yetu, kutoka Likoni mpaka Mtwapa kila timu ina kijana wake wa namna hii, na klabu kubwa za Ulaya pia zina wa kwao, ni vile tu wao wana mawakili na sisi tuna baraza. Kwa hivyo nimekaa nikazipanga hizo njia nne, kila moja kwa kipimo kile kile, ili mwenye kesi kama hii asianze na sifuri kama tulivyoanza sisi.

Vya kupima kabla ya kuchagua

Kwanza kosa lenyewe, alimfanyia nani na ni mara ya ngapi. Teke la joto la mechi si sawa na kumpiga mwenzako mazoezini siku ya Jumanne asubuhi wakati hakuna hata shabiki mmoja wa kumtia wazimu. La mechi huenda ni hasira, la mazoezini mara nyingi ni dharau.

Hapa nataka kuweka jambo moja kando mapema. Kama kijana amempiga mkewe, amemshika msichana kwa nguvu ama amemuumiza mtoto, hakuna njia nne za kulinganisha, hapo ni polisi, na kazi ya klabu ni kumlinda aliyeumizwa na kusema ukweli ikiulizwa, si kukaa kikao cha kuhesabu mabao. Nimeona mambo kama hayo yakimalizwa barazani kwa soda na samahani na mpaka leo yaniuma.

Pili, wenzake. Wachezaji wengine ishirini na kitu wanaokuja mazoezini kila siku, hawatupi jezi, hawasukumi mtu, na wanaangalia kamati itafanya nini. Imani ya klabu wengi huifikiria kati ya klabu na huyo mtundu tu, mimi naiona zaidi iko kwa hawa wanyamavu.

Tatu pesa, na pesa nasema za pande zote mbili, yaani anachowaingizia na pia mnachodaiwa naye. Nne, yeye mwenyewe: umri wake, nyumbani kukoje, na akiambiwa kosa lake alitaja kwa mdomo wake ama yuasema "walinichokoza". Tano ni ubavu wa klabu, mna mtu wa kumfuatilia au mna maneno tu? Hiki cha tano ndo watu hukiruka na ndicho kinachoamua mengi.

Njia ya kwanza: kubaki naye kwa masharti

Mfano ambao kila mtu huutaja ni Eric Cantona na nafikiri watu huutaja vibaya. Tarehe 25 Januari 1995, Selhurst Park, kwa Crystal Palace, alipewa kadi nyekundu na akiwa anatoka akaruka na mguu kwa shabiki aliyekuwa anamtukana. Watu hukumbuka mwisho tu, kwamba Manchester United walimsamehe akawaletea makombe. Lakini angalia mpangilio wake. Klabu yenyewe ndio ilitangulia, ikamfungia mpaka msimu uishe na faini ya pauni 20,000, hawakungoja chama cha soka. Halafu FA, ndo hicho chama cha soka cha Uingereza, ikaongeza mpaka mwisho wa Septemba. Mahakama kwanza ilimhukumu jela wiki mbili, akakata rufaa, ikawa saa 120 za kutumikia jamii, akafundisha watoto mpira. Na klabu iliumia, msimu ule walikosa ubingwa kwa pointi moja tu nyuma ya Blackburn. Kisha mwezi wa nane Cantona akataka kuondoka kabisa, kocha wao Alex Ferguson akapanda ndege mpaka Paris kumtafuta akakaa naye. Akarudi tarehe 1 Oktoba dhidi ya Liverpool, akafunga penalti, mechi ikaisha 2-2, na msimu ukaisha na ligi pamoja na Kombe la FA, fainali bao ni lake peke yake.

Kwa hivyo hiyo haikuwa "tumsamehe tu". Ilikuwa adhabu ya haraka, ikafuatwa na mtu mzima aliyemwendea. Ukitoa kimoja kati ya hivyo viwili habari ingekuwa nyengine.

Linganisha na Manchester City na Carlos Tevez. Septemba 2011 kule Munich, kocha Roberto Mancini akasema Tevez amekataa kuingia uwanjani, na mbele ya kamera akaonyesha kwamba kwake huyo amemalizika. Tevez akaenda zake Argentina bila ruhusa, miezi ikapita. Februari 2012 akarudi, akaomba radhi, Aprili akafunga matatu ugenini kwa Norwich na City wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Kwa pointi ilifaa, siwezi kukataa. Lakini kocha alikuwa ametamka neno ambalo baadaye alilazimika kulimeza na wachezaji wote walisikia yote mawili. Ndio nawaambia makocha wetu wa mtaani, usiku wa kosa usitamke "hatanichezea tena", sema "tutakaa Jumatano" halafu Jumatano mkae kweli.

Na kuna makosa ya aina nyengine, ya kumtetea mchezaji kama klabu badala ya kumsimamia. Desemba 2011 Luis Suárez alipofungiwa mechi 8 kwa maneno ya ubaguzi aliyomwambia Patrice Evra, wenzake wa Liverpool walivaa fulana zenye picha yake wakipasha moto kabla ya mechi na Wigan. Miaka minane baadaye Jamie Carragher, aliyekuwa mmoja wao, alimwomba Evra msamaha mbele ya televisheni. Kumpenda mchezaji wako sawa, kumtetea kwa kosa ambalo limethibitishwa mpaka aliyekosewa ajione ndo mwenye hatia, hapana.

Upande wa wenzake, njia hii yafaa kama adhabu ni ile ile ambayo angepewa beki wa akiba. Vijana hawakatai mtu kusamehewa, wanakataa kuona bei ya kosa inashuka kulingana na mabao.

Upande wa pesa ni rahisi kwa mtazamo wa leo, hununui mtu, huuzi mtu, ila waweza kulipa mbele akirudia.

Upande wake mwenyewe hapa ndo nataka kuwaeleza yaliyotukuta. Jumatano yake tulienda kwao Kisauni, mimi na kocha, tumebeba karatasi ya masharti saba. Mamake akatukaribisha, akaleta chai na mahamri, akatusikiza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akasema, "Kaka zangu, haya yote mwanangu atatia saini, nami nitasimama nyuma yake. Lakini muulizeni hii nauli ya mazoezi ailipiwa na nani." Kijana alikuwa amesimama mlangoni kimya. Kocha akamuuliza, "Mwanangu, vipi?" Akasema, "Kochi, wiki ya sita hii naja kwa miguu." Wiki sita. Kutoka Kisauni mpaka uwanjani, alasiri, kwa jua lile, halafu anakimbia saa mbili, halafu anarudi kwa miguu. Tulikuwa tumeahidi nauli mwanzo wa msimu na ilikuwa imekatika, na hakuna mtu wa kamati aliyemwambia kwa nini. Haimpi ruhusa ya kumsukuma mtu kifuani, na kocha alimwambia hivyo hivyo pale pale. Lakini ile karatasi yetu ya masharti saba ikawa nzito mkononi, kwa sababu klabu yenye deni haina mdomo. Tulilipa kwanza, jioni ile ile, ndio tukarudi kuzungumza nidhamu.

Kwa hivyo yamfaa nani: kijana aliyekiri, kosa la kwanza au la pili, na klabu yenye mtu mmoja anayejulikana kwa jina wa kumfuatilia kila wiki. Haimfai aliyempiga mwenzake wa timu moja halafu aseme alichokozwa.

Njia ya pili: kumkopesha kwa muda

Joey Barton ni mfano mzuri kwa sababu haupendezi. Tarehe 13 Mei 2012, siku ya mwisho ya ligi, akiwa kapteni wa timu ya QPR dhidi ya Manchester City alimpiga Tevez kiwiko akatolewa, na badala ya kutoka akampiga Sergio Agüero teke kwa nyuma na kutaka kumpiga kichwa Vincent Kompany. Mechi 12 nje. QPR wakamvua ukapteni, wakamtoza faini ya mshahara wa wiki sita, halafu wakamkopesha Marseille msimu mzima wa 2012-13. Kule Marseille walimaliza wa pili kwenye ligi ya Ufaransa. QPR wakashuka daraja. Barton akarudi, akacheza, na Mei 2014 wakapanda tena kwa fainali ya Wembley dhidi ya Derby, 1-0.

Angalia tena kwamba adhabu ilitangulia mkopo. Mkopo si adhabu, ni kumtenga mtu na mahali palipomchoma. Timu zetu nyingi hufanya kinyume, zampeleka kijana timu ya jirani kimya kimya ili watu wasahau, na yeye mwenyewe hajui kama amefukuzwa au ametumwa.

Wenzake wanapumua, hilo la hakika, mazoezi yanakuwa na utulivu na yule winga aliyekuwa anaogopa kukosea pasi aanza kucheza. Lakini akirudi lazima mumpokee kwa kikao, asirudi tu Jumatatu kama mtu aliyekuwa safari ya harusi.

Pesa yategemea mmeandikiana nini na klabu ya pili, nani analipa posho, nani analipa akiumia goti. Mpira wa mtaani huku hili huachwa hewani mpaka siku ya ajali. Na mjue kanuni za FIFA, kwa msimu mmoja mchezaji aweza kusajiliwa na klabu tatu kwa wingi na kucheza mechi rasmi za mbili tu kwa kawaida, kwa hivyo ukimzungusha zungusha waweza kumfungia mlango mwenyewe bila kujua.

Kwake yeye, mkopo humfaa zaidi kijana ambaye shida yake iko na mahali, sio na watu wote. Kuna vijana hapa Mombasa wakivuka feri tu wabadilika, kwa sababu maskani ya jioni haiko, muguka hauko karibu, na wale wanaomwita "nyota" kutwa nzima hawapo. Kuna wengine wakienda mbali ndo wanaharibika zaidi kwa kuwa aliyekuwa akimwamsha alfajiri ni mamake. Lazima ujue wako ni yupi kabla ya kumpandisha gari.

Yamfaa klabu ambayo haijaamua lakini haiwezi kukaa naye leo. Na kocha wa kule awe ni mtu unayeweza kumpigia simu akakwambia ukweli, hata ule usiotaka.

Njia ya tatu: kumuuza

Hapa Suárez yuarudi. Aprili 2013 akamng'ata Branislav Ivanovic wa Chelsea, mechi 10. Kumbuka tayari alikuwa ameng'ata mtu akiwa Ajax mwaka 2010. Kipindi cha usajili mwaka 2013 akataka kuondoka na Arsenal wakatoa pauni milioni 40 na pauni moja juu. Liverpool wakakataa, wakamfanya afanye mazoezi peke yake mpaka aliporudi akaomba radhi, na msimu wa 2013-14 akafunga mabao 31 kwa mechi 33 za ligi. Kombe la Dunia 2014 akamng'ata Giorgio Chiellini, akafungiwa miezi minne, na bado Barcelona wakamnunua Liverpool kwa zaidi ya pauni milioni 60. Mwaka uliofuata Barcelona wakachukua Ligi ya Mabingwa naye akifunga kwenye fainali.

Funzo la kibiashara ni kwamba mara nyingi asubuhi ya baada ya kosa ndo bei ya chini. Anayekuja kukununulia kijana siku ile anajua mwataka kumtoa, na atakupa bei ya kuku kwa ng'ombe. Liverpool walisubiri mwaka mmoja wakapata bei nyengine kabisa. Lakini kusubiri kwenyewe kuna gharama na si kila klabu yaweza, na kwa kweli kuna kitu kinanikera nikiona mtu aliyeng'ata watu watatu akihesabiwa kuwa ni faida tu. Ule wa Ivanovic ulikuwa mkono na lile la Chiellini lilikuwa bega, sio karatasi za hesabu.

Mario Balotelli ni upande wa pili wa njia hii, upande wa mnunuzi. Alishikana na Mancini mazoezini Januari 2013 picha zikaenea dunia nzima, mwezi ule ule City wakamuuza Milan. Agosti 2014 Liverpool wakamnunua kwa pauni milioni 16 kuziba nafasi ya Suárez, akafunga bao moja tu la ligi msimu mzima. Mwaka 2016 akaenda Nice bure na akafunga 15 ya ligi msimu wa kwanza. Miguu ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni mahali na watu. Basi unayenunua kijana mwenye sifa hizi usiulize tu "amefunga mangapi", uliza aliishi na nani na nani alikuwa anaweza kumwambia hapana akasikia.

Wenzake wanaiona vipi? Inategemea mlivyosema. Mkiuza kwa siri, wataamini ametolewa kwa pesa na kwamba siku moja na wao watatolewa hivyo. Mkisema wazi kwamba hapa uaminifu umevunjika na tumekubaliana aende, wanaheshimu.

Kwa klabu ndogo kuna jambo la pesa watu wengi hawalijui: kijana akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kwa ada, asilimia 5 ya hiyo ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Kwa hivyo wekeni kumbukumbu za usajili wake, tarehe kwa tarehe, hata kama aliondoka kwa ugomvi. Daftari la mwaka huu laweza kuwajengea uzio miaka kumi mbele.

Kwake mwenyewe, kuuzwa ni heshima kwa mwenye mpango na ni kukimbia kwa asiyekuwa nao. Yamfaa klabu ambayo imeshatumia njia ya kwanza kwa haki na ikashindwa, na kijana ambaye bado ana soko. Haiwafai wanaouza ili wasiwe na mazungumzo magumu. Na mnunuzi akiuliza tabia yake, mwambieni kweli. Ukificha leo, kesho ukimtafuta kocha yule akupe mchezaji naye atakuficha.

Njia ya nne: kuvunja mkataba

Chelsea walimnunua Adrian Mutu kutoka Parma mwaka 2003, 2004 akapatikana na kokeini mwilini, Oktoba wakamfukuza, na akafungiwa miezi 7. Walimwendea kisheria, 2008 FIFA ikaamua awalipe zaidi ya yuro milioni 17, akakata rufaa CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, akashindwa, na kesi ikazunguka zaidi ya miaka 10, mpaka kuhusisha klabu zilizomchukua baadaye. Yeye mwenyewe aliendelea kucheza, Juventus, Fiorentina, akafunga sana tu. Klabu ilishinda kesi na ikampoteza mchezaji, na mchezaji akapata maisha lakini akabeba deni la ajabu. Siwezi kusema nani alinufaika.

Kwa huku kwetu watu hufikiri kufukuza ni neno moja tu la mwenyekiti. Kama kijana ana mkataba wa kazi, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama awepo, na asikizwe kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Hata kile kifungu cha 44 cha kufukuza mara moja hakiondoi haki hiyo ya kusikizwa. Na migogoro ya michezo ina baraza lake la kuamua lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Klabu inayofuta mtu kwa hasira yaweza kushindwa kesi ambayo ilikuwa na haki.

Kwa timu za mtaa zisizo na mkataba wowote, kuvunja maana yake ni kumtoa kwa grupu la WhatsApp usiku. Wallahi hiyo ni mbaya. Kijana wa miaka 19 aamka asubuhi aona hayupo, hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwambia kosa lake, na wenzake wote wamejifunza kwamba hata wao wako mbali na mlango kwa kidole kimoja tu. Kama ni lazima aende, aitwe, akae kwenye kiti, aambiwe macho kwa macho na alipwe anachodai.

Wenzake wakiwa wamepigwa na yeye, njia hii ndio yawarudishia usalama na hapo mimi siyumbi, hata kama ndiye mfungaji bora wa kaunti nzima. Pesa mnapoteza, ada hakuna. Yeye atashtuka, na wako wanaoamka kwa mshtuko na wako wanaozama, kwa hivyo mfukuzeni kwa timu, msimfukuze kwa mtaa. Mtu mmoja aendelee kumsalimia.

Sasa chagua kulingana na hali yako

Kama kosa ni la mechi, ni la kwanza, na siku ya pili amekuja mwenyewe kwa mguu wake kumwomba radhi aliyemkosea, bakini naye, adhabu itoke ndani ya wiki, iandikwe, na mmoja wenu awe na jina kwenye karatasi kuwa ndiye mfuatiliaji. Kabla ya hapo angalieni kama mwamdai nidhamu huku yeye awadai nauli.

Kama ni kosa la tatu na kila mara ni mahali pale pale, watu wale wale, mashabiki wale wale wanaomchokoza, mkopo wafaa, ila kwanza adhabu, na makubaliano ya goti na posho yawe kwa maandishi.

Kama mmemsimamia kwa haki msimu mzima na haisaidii, na kuna klabu inamtaka ikijua kila kitu, uzeni, lakini msiuze wiki ya kosa.

Kama amempiga mwenzake wa timu au kocha na hataki kukiri, vunjeni, kwa utaratibu. Mashindano ya Ramadhani yako karibu na mwamhitaji kwa fainali? Hapo hasa ndio msikawie, kwa sababu vijana wanajua kalenda kama mnavyoijua nyinyi.

Na kama klabu yenu ni kama yetu, haina wakili, haina daktari wa akili, ina kocha mmoja na begi la mipira, basi chagueni masharti machache mnayoweza kuyatimiza pande zote mbili. Sisi yale saba tuliyapunguza yakawa matatu. Amefungiwa miezi mitatu ya mechi, mazoezi anakuja kila siku na nauli yake analipwa kila Jumatatu mbele ya mweka hazina, na Jumamosi ashika kibendera mechi za watoto wetu wa chini ya miaka 15. Kapteni wetu bado hajampa mkono na sijamlazimisha, ana haki yake.

Jumamosi iliyopita ilikuwa wiki ya tano. Mtoto mmoja alifunga, kibendera kikawa juu, na yule mtoto akaja mbio mpaka kwenye laini akimpigia kelele, mate yakiruka. Kijana hakushusha mkono. Akasema, "Ofsaidi, mdogo wangu. Rudi nyuma, mpira unachezwa."